Bakteria wa kuongeza mafuta ya kisimani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara huku Goma

Maswali haya huja zaidi kutoka kwa wanafunzi wa jiolojia na kemia, na kutoka kwa wauzaji wa mazutu (dizeli) na esansi (petroli) mjini waliosikia kwamba kuna wadudu wanaoongeza mafuta. Tumejibu kwa namba kila ilipowezekana, maana mada hii ina porojo nyingi.

Kisima kimeshachimbwa. Kwa nini mafuta mengine yanabaki chini?

Kwa sababu chini hakuna ziwa la mafuta. Mafuta yamo ndani ya vitundu vya mwamba, na vingi havionekani kwa macho. Shinikizo la asili husukuma juu sehemu ndogo tu, mara nyingi asilimia 5 hadi 15 ya mafuta yote. Ukiingiza maji kwa pampu kupitia kisima cha pembeni, jumla hufika asilimia 30 hadi 40 hivi. Yaliyobaki ni zaidi ya nusu.

Yanabaki kwa sababu mbili. Ya kwanza, matone yamenaswa kwenye shingo za vitundu, na mvutano kati ya mafuta na maji hauyaruhusu kupenya. Ya pili, maji ni mvivu: yakishapata njia pana yanapita hapo hapo kila siku, na sehemu kubwa ya mwamba hayaigusi kabisa. Bakteria wanaweza kusaidia kwa sababu zote mbili, lakini dawa ya ile ya kwanza si dawa ya ile ya pili. Mradi usiojua unatibu ipi kati ya hizo umeshindwa kabla pampu haijawashwa.

Bakteria wanafanya nini hasa huko chini?

Wengine hutengeneza sabuni. *Bacillus subtilis* hutoa safaktini, na kiasi cha miligramu 20 hadi 30 tu kwa lita kinashusha mvutano wa uso wa maji kutoka milinyutoni 72 kwa mita hadi 27 hivi. Namba hiyo hupendwa sana kwenye matangazo, lakini siyo inayohesabiwa kisimani. Kinachohesabiwa ni mvutano kati ya maji na mafuta, ambao kwa kawaida ni milinyutoni 30 hivi kwa mita na unatakiwa kushuka kama mara elfu moja ndipo matone yaliyonaswa yaachie. Bakteria wachache wanafika huko, na wanafika tu pale kemia ya maji ya chini inapowakubali.

Wengine hujenga utando na gundi. Hao ndio wanaoziba njia pana, maji yakalazimika kupita sehemu ambazo bado zina mafuta. Kwa maoni yetu hii ndiyo kazi ambayo bakteria wanaifanya kwa uhakika zaidi, ingawa haina mvuto wa kusimuliwa kama ile ya sabuni.

Asidi wanazotoa nazo husaidia, hasa kwenye mwamba wa chokaa, kwa sababu asidi ya siki na ya butiri hula chokaa na kupanua vitundu.

Gesi inasifiwa kupita kiasi. Chukua maji yenye molasi (masalia mazito ya kiwanda cha sukari) asilimia 3. Lita moja ina sukari kama gramu 15, na ikichachuka yote inatoa kaboni dioksidi lita 4 hivi kwa kipimo cha juu ya ardhi. Inaonekana nyingi. Lakini chini, kwenye shinikizo la bar 100 na joto la nyuzi 50, lita hiyo hiyo ya maji inaweza kuyeyusha gesi yote hiyo na bado ikabaki na nafasi. Kwa hiyo ile picha ya mapovu yanayosukuma mafuta huwa kweli kwenye visima vifupi vyenye shinikizo dogo tu.

Si watayala mafuta yote?

Hapana, na sababu ni oksijeni. Kuunguza kilo moja ya mafuta kunahitaji oksijeni zaidi ya kilo tatu. Maji ya kawaida hubeba oksijeni gramu 8 hivi kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo kila mita ya ujazo unayosukuma chini inaruhusu kuliwa kwa mafuta yasiyofika gramu 3. Pasipo oksijeni wapo wanaoyala mafuta, ila polepole mno. Hesabu yao ni ya miaka ya kijiolojia, haiingii kwenye mkataba wa kuchimba.

Ni bora kuleta bakteria kutoka maabara au kulisha walioko chini?

Mara nyingi ni kulisha walioko. Wameshazoea chumvi, joto na shinikizo la pale, na hawahitaji kusafirishwa. Wageni wakiingizwa hukuta wenyeji wengi kuliko wao na huisha haraka, isipokuwa umewaingiza kwa wingi pamoja na chakula chao. Wageni wanafaa pale unapotaka kitu maalumu ambacho wenyeji hawatoi, mfano safaktini. Hapo ingiza spora (bakteria aliyelala ndani ya ganda gumu) badala ya seli zilizo macho: spora ni ndogo, haina njaa, na haijibandiki sana kwenye mwamba, kwa hiyo inasafiri mbali kabla ya kuamka.

Kuna jambo linalosahaulika. *Pseudomonas aeruginosa* hutengeneza sabuni nzuri sana maabara, lakini pia huambukiza vidonda na watu waliounguzwa na moto. Usimpeleke mahali ambapo wafanyakazi wanashika maji ya kisima kwa mikono.

Kisima cha namna gani kinafaa?

Joto lisizidi nyuzi 80. Wengi wa bakteria wanaotumika wanapendelea chini ya 60. Joto la ardhi hupanda nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita, kwa hiyo penye ardhi ya kawaida kilomita mbili tu zinakufikisha karibu na mpaka huo wa 80. Penye bonde la ufa pima, usikadirie.

Upenyezaji wa mwamba, yaani wepesi wa maji kupita ndani yake, uwe angalau milidarsi (kipimo chake) 75 hadi 100. Chini ya hapo shingo za vitundu ni nyembamba kuliko bakteria wanavyoweza kupita bila kuziba; bakteria mmoja ana upana wa maikromita 0.5 hadi 1, na anahitaji tundu la mara mbili yake au zaidi. Chumvi isizidi asilimia 10 hadi 15. Pia lazima mafuta yawepo: kama mafuta yaliyobaki hayafiki robo ya nafasi ya vitundu, hakuna cha kukamua.

Kinachoachwa nje ya orodha nyingi ni rekodi ya kisima. Kisima kilichowahi kutiwa dawa za kuua vijidudu, na vingi vimetiwa, kinaweza kuwa na mabaki yanayoua kazi yako yote.

Kazi yenyewe inafanywaje?

Njia rahisi zaidi hutumia kisima kimoja: unaingiza, unafunga, unafungua. Hesabu ikoje? Tuseme tabaka la mafuta lina unene wa mita 6, nafasi ya vitundu ni asilimia 20, na unataka kufikia mita 5 kuzunguka kisima.

Ujazo wa silinda hiyo ni 3.14 × 5 × 5 × 6, sawa na mita za ujazo 471. Asilimia 20 ya hizo ni 94, karibu mapipa 590 kwa kipimo cha pipa la mafuta. Hayo ndiyo maji utakayoingiza. Molasi ya asilimia 3 ni kilo 30 kwa kila mita ya ujazo, jumla tani 2.8. Molasi ni nzito, lita moja ina kilo 1.4 hivi, kwa hiyo ni lita 2,000, yaani madramu 10 ya lita 200. Mbolea ya fosfati ya amonia unatia kilo 1 kwa mita ya ujazo, jumla kilo 94, ili bakteria wapate naitrojeni na fosforasi. Mbegu ya bakteria, kama unaitumia, ni asilimia 1 hadi 5 ya ujazo wote.

Mfuatano ni huu. Safisha kwanza nta na kutu ndani ya bomba, la sivyo utavisukuma ndani ya mwamba. Chuja maji. Ingiza mbegu, kisha chakula, kisha maji matupu ya kusukuma vyote viwili viingie mwambani, mbali na kisima. Hatua hii ya mwisho huwa inarukwa na wenye haraka, na ndiyo inayoamua kama utando utaota mita 5 ndani au kwenye matundu ya bomba. Funga kisima wiki moja hadi mbili. Ukifungua, anza na mtiririko mdogo na upime pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imeongezeka) kila siku. Ikiwa haijashuka, uchachukaji haukutokea na hakuna haja ya kusubiri muujiza.

Njia ya pili hutumia visima viwili au zaidi: chakula kinaingizwa kidogo kidogo pamoja na maji ya kusukuma, na mafuta yanatazamiwa kwenye kisima cha kutolea. Hii huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka.

Kwa nini molasi? Sukari ya dukani je?

Sukari inafanya kazi, ila ni ghali, na molasi ina madini na vitamini ambavyo bakteria wanahitaji. Shida ya molasi ni uchafu: ina chembe ngumu na kalisi. Ichanganye na maji, iache itulie usiku kucha, chukua ya juu, ichuje.

Shida ya fosfati ni kubwa zaidi. Ikikutana na maji ya chini yenye kalisi nyingi inaganda kuwa unga mweupe mgumu, na unga huo unaziba mwamba kwa namna ambayo hata asidi inaweza isirudishe upenyezaji wote. Kwa hiyo kabla ya kununua hata dramu moja, chukua chupa ya maji ya kisima hicho, changanya na chakula chako kwa kipimo halisi, weka kwenye joto la tabaka kwa siku mbili, kisha tazama kwenye mwanga. Yakiwa na ukungu, badilisha chakula.

Ni nini huharibika mara nyingi?

Kuziba karibu na kisima. Utaiona kwenye geji: mtiririko ni ule ule, shinikizo linapanda. Simamisha chakula mara moja. Rudisha maji kinyume kama kisima kinaruhusu, kisha osha kwa dawa ya klorini. Usiongeze nguvu ya pampu, maana shinikizo likizidi uwezo wa mwamba unapasuka, na hapo umejitengenezea njia pana mpya ya maji.

Kingine ni chakula kuliwa chote mita chache tu kutoka kisimani. Bakteria hawajui kuhifadhi. Ndiyo maana wengine huingiza nitrati na fosfati kwa zamu, leo hii kesho ile, ili viwili hivyo vikutane mbali ndani ya mwamba badala ya mlangoni.

Kuhusu ile harufu ya mayai yaliyooza?

Hiyo ni haidrojeni salfaidi, na hapa hatutaki mzaha. Bakteria wa salfeti huitengeneza kila wanapopata chakula na maji yenye salfeti. Maji ya bahari yana salfeti kama miligramu 2,700 kwa lita, kwa hiyo visima vinavyosukumwa kwa maji ya bahari ndivyo vyenye hatari zaidi. Gesi hii hula chuma, huharibu thamani ya mafuta, na huua. Kwenye sehemu 100 kwa milioni pua inaacha kuinusa, kwa hiyo kukosa harufu si dalili ya usalama. Ni nzito kuliko hewa. Watu wa Goma wanaojua mazuku, ile gesi nzito ya volkeno inayoua penye mabonde, hawahitaji kuelezwa maana yake: inatulia mashimoni na penye bonde, na anayeinama kumwokoa mwenzake anaanguka naye. Vaa kipimo cha gesi kifuani, na asiwepo anayefungua tanki peke yake.

Kinga ni nitrati. Ukiwapa bakteria wanaotumia nitrati chakula hicho, wanawashinda wa salfeti kwenye kugombania lishe. Ianze kabla harufu haijatokea. Wa salfeti wakishajenga utando kwenye mabomba ni kazi ngumu kuwatoa.

Imewahi kufanya kazi wapi?

Wazo lilitolewa mwaka 1926 na Beckmann, na Claude ZoBell wa Marekani ndiye aliyelifanyia utafiti wa kina miaka ya 1940. Jaribio la kwanza kubwa kisimani lilikuwa Lisbon, jimbo la Arkansas, mwaka 1954, kwa *Clostridium acetobutylicum* na molasi ya asilimia 2. Huko Alabama, uwanja wa North Blowhorn Creek, kazi iliyoanza 1994 ililisha bakteria wenyeji ili wazibe njia za maji. Norway imetumia njia ya oksijeni na nitrati kwenye uwanja wa Norne, na China imefanya majaribio mengi Daqing na Shengli. Hata hivyo, ukilinganisha na njia za kuingiza mvuke, polima au kaboni dioksidi, bado ni teknolojia ndogo. Chakula ni rahisi. Kinachogharimu ni upimaji, na wanaokwepa gharama ya upimaji hawawezi kuonyesha walichopata.

Nitajuaje kwamba mafuta yaliyoongezeka yametokana na bakteria?

Pima miezi kadhaa kabla ya kuanza: mafuta, maji, gesi, pH, asidi ya siki, idadi ya bakteria. Chora mstari wa jinsi uzalishaji ulivyokuwa ukishuka na uuendeleze mbele. Faida yako ni yale yaliyo juu ya mstari huo, si juu ya siku mbaya uliyoichagua. Kumbuka pia kwamba kisima chochote kikifungwa wiki mbili kitatoa zaidi siku za kwanza, hata bila bakteria, kwa sababu shinikizo limejirudisha. Ripoti nyingi za kusifu zimejengwa juu ya siku hizo.

Kivu kuna mafuta ya kufanyiwa hivi?

Kwa sasa hapana. Hakuna kisima cha mafuta kinachozalisha Kivu Kaskazini wala Kusini. Mafuta ya Kongo hutoka Moanda, mwambao wa Atlantiki, tangu 1975. Ziwa Edouard lilipimwa kwa mitetemo mwaka 2014 na kampuni ya SOCO, ndani ya Virunga, hifadhi iliyo kwenye urithi wa dunia tangu 1979, kukawa na upinzani mkubwa, na hakuna kilichochimbwa. Mnada wa serikali wa 2022 ulikuwa na vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi. Ule wa mafuta ulifutwa 2024.

Uganda, upande wa pili wa Ziwa Albert, mafuta yapo na yana nta nyingi, kiasi kwamba bomba la kuyapeleka Tanga, kilomita 1,443, limesanifiwa lipashwe joto. Njia za bakteria kwa kawaida huja kisima kikishazeeka. Wanaozungumzia bakteria kwa uwanja ambao haujachimbwa wanauza maneno.

Gesi ya Ziwa Kivu nayo ni kazi ya bakteria?

Kwa sehemu kubwa ndiyo, ingawa hao ni arkea, kundi lingine kabisa la vijidudu. Hugeuza kaboni dioksidi ya volkeno, na mabaki ya viumbe, kuwa methani. Ziwa lina methani kama kilomita za ujazo 60. Kuichota ni suala la mabomba na shinikizo. Hakuna anayelisha vijidudu.

Kuna mtu anauza unga wa bakteria wa kuongeza mazutu kwenye bidoni. Ninunue?

Hapana. Bakteria hawawezi kutengeneza mazutu kutokana na mazutu. Wanachoweza ni kuyala, pamoja na kuvu, pale maji yanapotulia chini ya tanki. Ute mweusi kwenye filta ya jenereta, na injini inayokosa nguvu ikipandishwa mzigo, ndizo dalili zake. Dawa ni kutoa maji: legeza kizibo cha chini ya tanki kila wiki hadi yatoke mazutu matupu, jaza tanki usiku ili hewa yenye unyevu isipate nafasi, na usichote kutoka chini kabisa ya dramu. Pesa ya unga nunua filta.

Sisi ni wanafunzi. Tunaweza kujaribu hapa Goma?

Mnaweza. Chukueni bomba la PVC la kipenyo cha ndani sentimita 4 na urefu wa 30. Ujazo wake ni mililita 377. Jazeni mchanga wa mto uliooshwa, mkigonga pole pole. Msitumie mchanga mweusi wa Nyiragongo: chembe zake zina vitundu ndani yake, na hesabu ya nafasi itawadanganya. Pimeni uzito ukiwa mkavu, kisha mkiwa mmejaza maji ya chumvi yaliyochemshwa kutoa hewa. Tofauti hiyo, ikigawanywa kwa uzito wa mililita moja ya maji hayo, ni nafasi ya vitundu, kama mililita 135.

Sukumeni mafuta hadi maji yasitoke tena, pimeni yaliyoingia. Sukumeni maji, mara tano ya nafasi ya vitundu, hadi mafuta yasitoke. Kisha ingizeni bakteria na chakula, fungeni siku 10 kwenye nyuzi 37 hadi 40 mkiacha njia ndogo ya gesi, la sivyo viungio vitaruka. Sukumeni maji tena na mpime mafuta yatakayotoka. Bomba la pili lipate kila kitu isipokuwa bakteria.

Mafuta ya injini hayafai, hata mapya: yametiwa sabuni kiwandani, na mtasifia bakteria kwa kazi ya mtengenezaji. Kama hampati mafuta ghafi, tumieni parafini ya maji ya duka la dawa.

Kuua vijidudu kwenye bomba la pili ndipo wengi hukwama. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95, na spora za *Bacillus* zinavumilia hapo bila shida. Tumieni sufuria ya presha kwa mchanga, maji na chakula kabla ya kujaza bomba; bomba lenyewe lioshwe kwa klorini kisha lisuuzwe, maana PVC inalainika kwa joto hilo. Hata hiyo, ikionyesha geji ya kawaida, huku kwetu inafika nyuzi 118 hivi badala ya 121, kwa hiyo chemsheni dakika 30 badala ya 15. Bomba la pili likitoa gesi baada ya siku mbili, tupeni na mwanze upya.